Vikasha vya Njano Vilipokwisha

Hospitalini kwetu saratani ina ofisi. Ya matiti inakaa ghorofa ya pili, penye mapazia na mashine ya kahawa. Ya tumbo inakaa ghorofa ya kwanza, karibu na vyoo. Ya mapafu imetupwa jengo la nyuma. Kila moja ina profesa wake, karani wake, jokofu lake la dawa na kufuli lake, na maprofesa wenyewe hawasalimiani ila wakikutana msibani. Ukiwasikiliza utadhani ugonjwa nao husoma vibao vya milangoni kabla ya kuingia mwilini mwa mtu.

Mimi ni fundi wa maabara. Nachukua kipande cha nyama kilichokatwa kwa mgonjwa, nakizamisha kwenye nta, nakichana utando mwembamba kuliko karatasi ya sigara, naubandika kwenye kioo na kuutia rangi, ili wakubwa wauangalie kwa darubini wajione wana akili. Kila kipande kina kikasha chake cha plastiki: waridi kwa matiti, njano kwa tumbo, kijani kwa mapafu. Vya waridi hutiwa rangi moja ya ziada. Rangi hiyo hutafuta vipokezi, yaani vile vitu vinavyokaa kwenye ngozi ya seli na kupokea amri ya kugawanyika. Seli nyingine za saratani huwa navyo vingi kupita kiasi, basi hugawanyika kutwa kucha. Zikiwa hivyo, kioo hugeuka kahawia, na mgonjwa hupewa dawa ya kuviziba. Vikasha vya njano havikuwa vikitiwa rangi hiyo. Ukiuliza kwa nini, jibu lilikuwa kwamba ni vya njano.

Profesa wa matiti tunamwita Madamu Kalamu, kwa sababu husaini kila kitu kwa kalamu yake ya wino na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Wa tumbo ni Kikohozi. Hukohoa kidogo kabla ya kusema jambo la kijinga, kwa hiyo anakohoa siku nzima.

Mjomba wangu ni kinyozi. Mama alipofariki ndiye aliyenichukua, akanisomesha kwa mkasi na wembe, na maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu. Mwaka huu tumbo lilimwanza. Wapasuaji walifungua, wakaona, wakafunga. Dawa za kawaida zikashindwa. Kikohozi akakohoa, akasema tumtulize maumivu tu. Kilibaki kipande kimoja cha uvimbe, cha kukamilisha faili.

Kipande hicho nilikishughulikia mwenyewe, na namba yake niliijua kwa moyo. Vikasha vya njano vilikuwa vimekwisha wiki tatu kabla. Mtunza stoo alikuwa bado "anafuatilia," akiwa ameketi. Nikachukua cha waridi. Namba hupigwa na mashine, lakini herufi T ya tumbo ilibidi niiandike kwa mkono. Penseli ilikuwa butu, nikatumia kalamu ya wino. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua kwamba vikasha huogeshwa kwenye spiriti, na spiriti hufuta wino. Mimi nina miaka kumi na minne kazini.

T ikayeyuka. Kikasha kikaingia kundi la waridi siku ambayo nilikuwa mapumzikoni, mwenzangu akakitia rangi ya ziada bila wasiwasi, na kioo kikapanda ghorofa ya pili. Seli za uvimbe ulioharibika namna ile hazina sura. Hata bingwa anaweza kuzikosea. Lakini fomu ilikuwa pale, imeandikwa "mwanamume" na imeandikwa "tumbo." Madamu Kalamu hasomi fomu. Fomu, anasema, ni kazi ya karani. Akasaini: saratani ya titi, vipokezi vingi mno, aanze dawa mara moja.

Mjomba akapigiwa simu. Aliingia kliniki ya matiti amevaa shati lake la pasi, akaketi kati ya akina mama wanane.

"Shikamooni wote," alisema. "Nimeitwa kwa ajili ya titi langu. Sijui ni lipi, lakini tutalitafuta pamoja."

Walicheka hadi nesi akatoka kuangalia. Madamu Kalamu hakucheka. Alishuka maabara na kile kioo amekishika kwa vidole viwili.

"Nani ameniletea uchafu huu?"

"Ni mimi, Madamu. Nimekosea kikasha."

"Kitupwe. Na ripoti yangu ichanwe."

"Madamu, nimekosea kikasha, sijakosea seli. Angalia. Ni kahawia tupu."

"Ni tumbo!"

"Tumbo lenye vipokezi vilevile unavyoviona kila siku kwenye matiti. Na dawa ya kuviziba iko kwenye jokofu lako."

Alinitazama kama mtu aliyesalimiwa na kiti. Dawa ile, alisema, ni ya matiti. Imeandikwa kwenye mlango wa jokofu.

Kioo sikukitupa. Nilikitia mfukoni mwa koti, nikaenda kwa mganga mkuu, nikakaa nje ya mlango wake siku mbili mpaka akachoka kuniruka. Akaita kikao.

Nimehudhuria vikao vingi vya upuuzi, ila kile kilitia fora. Kwa saa nzima maprofesa wawili waligombania seli za mjomba kama majirani wanaogombania mpaka, na kila mmoja alikuwa akizikataa. Madamu Kalamu alisema hatatoa dawa yake kwa kiungo kisicho chake. Kikohozi alikohoa, akasema seli ya tumbo ni ya tumbo, na hatakubali wagonjwa wake watibiwe kwa mawazo ya ghorofa ya pili. Niliweka mezani majarida matatu ya kitabibu, yanayosema kwamba hitilafu moja huweza kuonekana kwenye viungo mbalimbali, na kwamba cha kuangalia ni hitilafu hiyo, si anwani tu.

"Hayo ni ya kwao," alisema Kikohozi. "Hapa kwetu una kioo kimoja, kilichopatikana kwa makosa, cha mjomba wako. Mmoja ni bahati nasibu. Ungekuwa na wa pili, wa hapa hapa, tungezungumza."

Mganga mkuu akafunga faili. Alisema kama hakuna wa pili, basi.

Lakini wa pili alikuwepo. Nilimjua kwa miaka sita.

Miaka sita nyuma niliokota kikasha cha njano kwenye trei isiyo yake, nikakichana, nikakitia rangi ya ziada pamoja na vya waridi. Kikawa kahawia. Nilikiangalia kwa darubini dakika nzima, nikijua ninachokiona ingawa sikujua maana yake. Ningeweza kupanda ngazi nikauliza. Lakini niliwaza jinsi watakavyonicheka, fundi anayechanganya vikasha, nikakitupa kioo kwenye pipa la vioo vilivyovunjika, nikachana upya, nikatia rangi inayotakiwa. Kwenye daftari la makosa sikuandika kitu. Namba ya kikasha niliiandika nyuma ya kabati langu kwa penseli. Sijui kwa nini niliiandika. Labda nilitaka nijione mwaminifu kidogo.

"Yupo," nilisema kikaoni.

Nikaeleza yote. Kikohozi hakukohoa hata kidogo. Nilishuka stoo ya chini, tunakoweka nta za miaka yote, nikakitoa kikasha droo ya mia mbili na saba. Nikachana, nikatia rangi mbele ya mganga mkuu mwenyewe. Ilipofika saa nane mchana kioo kilikuwa kahawia kuliko cha mjomba.

"Mgonjwa huyu yuko wapi?" aliuliza mganga mkuu.

Karani akafungua daftari, akafuata namba kwa kidole. "Alifariki. Miezi saba baada ya kipimo."

Hakuna aliyenikemea. Afadhali wangenikemea. Wiki hiyo hiyo mjomba akaanza dawa, ghorofa ya kwanza, kutoka jokofu la ghorofa ya pili, na nesi akalazimika kusaini daftari mbili. Kikohozi sasa anaandika makala kuhusu "uchunguzi tulioupanga kwa uangalifu." Madamu Kalamu anataka jina lake litangulie. Wametafutana mpaka kwenye maegesho ya magari, watu wazima na heshima zao. Kabla ya kikao kile nilikuwa nikiwadharau kwa raha kabisa.

Baada ya dripu ya tatu mjomba aliweza kula na kukitunza chakula tumboni. Nilimkuta ameegemea mto, anamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba nywele zake zimekatwa na adui. Nikaketi. Akataka nimsimulie kikao kizima, nami nikamsimulia, kikohozi kwa kalamu, akacheka mpaka akashika mshono. Nikafika kwenye kile kikasha cha miaka sita. Sikukificha. Aliacha kucheka, akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mimi niko hapa kwa sababu yake," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Alikuwa nani?"

Nikamtajia namba.

"Nimekuuliza mtu, mwanangu. Mwanamke? Mwanamume? Aliacha watoto?"

Fomu yake ilikuwa pale pale droo ya mia mbili na saba, imebanwa na pini pamoja na kikasha. Nilikuwa nimeisogeza kando kwa kidole nipate kutoa nta.

"Sijui, mjomba," nilisema. "Sikuisoma fomu."