Kitana Juu ya Pampu

Wema huoza. Najua mmefunzwa kwamba hauozi, hata mimi nilifunzwa hivyo, lakini nimeuona kwa macho yangu ndani ya chupa ya jamu: rangi ya chai iliyolala, maji yametuama chini, chembe za kutu zinaelea katikati.

Kabla ya chupa kulikuwa na gari. Lilikuwa la Bibi yangu Elva, jeupe, la petroli, na mimi ndiye niliyekuwa dereva wake tangu macho yalipoanza kumdanganya. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nilimtoa kijijini kwetu Tarlinga nikampeleka hospitali ya Port Lowry, akaunganishwe na mashine ya kumsafishia damu, maana figo zake zilistaafu kabla yake. Njia nzima ni ngano, na kondoo wanaokutazama kama umewakosea. Basi hakuna. Treni ipo, lakini hubeba ngano tu, na ngano haina figo.

Gari lilianza kuzimika wakati wa mavuno, Desemba. Unakwenda vizuri, ghafla injini inakata pumzi, malori ya nafaka yanakupita yakikupigia honi kama vile umeamua tu kupumzika barabarani. Unangoja kidogo, unawasha, linawaka kana kwamba halijawahi kukufanyia ubaya. Februari ukaja ujumbe kwenye simu: kiwanda kinayaita magari yote ya aina ile yabadilishwe pampu ya mafuta bila malipo, kwa sababu pampu zilizowekwa mwanzo huweza kukwama gari likiwa mwendoni. Nilifurahi kama mgonjwa aliyetajiwa hatimaye jina la ugonjwa wake.

Nililipeleka kwa wakala wao pale Minbara, mji ulio katikati ya safari yetu. Msimamizi wa gereji aliitwa Rhett, kijana mwenye meno mazuri na shati lisilojua grisi. Jioni akanikabidhi gari.

"Pampu mpya kabisa, dada Taryn. Sasa hili gari litakuzika."

Lilizimika kabla hatujafika Tarlinga.

"Huyo kijana kakubadilishia pampu, au kakubadilishia maneno?" Bibi aliuliza kutoka kiti cha nyuma. Yeye hukaa nyuma siku zote, anyooshe miguu. "Na kitana changu je, hakukiona? Tangu Krismasi nakitafuta. Kitana cha mama yangu."

"Bibi, nani anatafuta kitana kwenye pampu?"

"Mimi nauliza tu, mke mwenzangu. Mwenye macho ndiye huulizwa."

Nikarudi kwa Rhett. Akaniambia pampu mpya huchukua muda kuzoea. Nikamuuliza, kuzoea nini? Akasema, kuzoea. Nikatoka pale nikiwa sijui kama nimejibiwa au nimefukuzwa.

Pasaka ilipopita, kangaruu aliruka mbele ya gari la jirani yetu, Shangazi Verna, akalimaliza. Si shangazi wa damu. Ni mjane anayekaa ng'ambo ya uzio, aliyenifundisha kuoka mkate na kutukana kwa Kijerumani. Tangu siku hiyo akawa anaazima gari letu kila Jumapili kwenda kanisani, na wala hakuhitaji kuomba. Kwetu funguo hulala ndani ya gari. Anayezitoa huonekana ana jambo analoficha.

Na hapo ndipo akili yangu ilipoanza kunikimbia. Jumamosi naliacha gari mshale wa mafuta ukiwa kwenye robo. Jumatatu naliwasha, mshale umepanda, umepita nusu. Kituo pekee cha mafuta cha Tarlinga hufungwa Jumapili, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujaza. Nilipigapiga kile kioo kwa kidole. Mshale ulibaki pale pale, umetulia, unanitazama.

Nilipomweleza Rhett, aliwaita wenzake waje wasikie.

"Gari lake linajitengenezea mafuta! Dada, nipe tawi moja, tugawane faida."

"Nimekuambia ninachokiona."

"Na mimi nakuamini, bosi. Nakuamini kabisa." Alikuwa akifuta machozi ya kicheko.

Wakabadilisha kipimo cha mafuta. Jumatatu iliyofuata mshale ulipanda tena. Gari nalo likazidi kuugua, na sasa halikuzimika kimyakimya kama zamani. Lilikohoa, likatetemeka, likatoa harufu kama ya rangi ya mbao, ndipo likafa. Wakasema ni plagi. Wakasema ni joto. Wakasema ni namna ninavyokanyaga. Ile ya mwisho niliibeba moyoni hadi nyumbani, nikajitazama mguu wangu wa kulia kama mguu wa mtu mwingine.

Bibi akakosa mashine siku moja, halafu akakosa tena. Muuguzi wa Port Lowry, mwanamke mpole, alimshika mkono.

"Elva, mama, hii si adhabu. Mwili wako hauvumilii kukosa. Ikitokea tena, itabidi tukutafutie chumba kule jijini Adelaide, karibu na hospitali kubwa."

"Adelaide?" Bibi akasema. "Nikakae ghorofani nisikilize majirani wanavyokohoa?"

Alitania hivyo mbele ya muuguzi. Ndani ya gari hakutania. Tulipoliona ghala la nafaka la Tarlinga akasema, "Taryn, mimi nataka kufa nikiwa naona kitu ninachokijua." Mimi nikakaza macho barabarani na kuomba injini isikohoe.

Jumamosi iliyofichua yote ilikuwa hivi. Tulikuwa watatu, kwa sababu Shangazi Verna alitaka kuwapelekea wauguzi keki zake za nazi. Tulipoingia Minbara gari likaanza kutetemeka. Kwa wakala kulikuwa na siku ya mauzo: maputo, watu wamepanga foleni ya soseji ndani ya mkate, magari mapya yamefunguliwa milango kama vinywa. Nikakata kona kuelekea kwao. Lilifika langoni, likafa hapo hapo, katikati ya lango, na nyuma yangu lori lililobeba magari mapya likafunga breki.

Rhett akaja mbio. "Sukumeni, sukumeni hili pembeni!"

"Hakuna atakayeligusa," nikasema. "Bibi yangu anatakiwa awe Port Lowry saa sita, na bado mwendo wa saa nzima. Mmelishika gari hili tangu Februari. Waongo nyie! Pampu mpya, kipimo kipya, plagi mpya, na gari ni lile lile!"

Foleni ya soseji ikageuka kutusikiliza.

Rhett alikuwa na akili ya haraka, hilo nampa. Hakubishana. Alichukua chupa tupu ya jamu, akaingia chini ya gari, akafungua bomba la tangi, akatoka ameinua chupa juu kama padri na kikombe. Ndipo nikauona ule uchafu niliowaelezea.

"Jamani, haya ni mafuta? Mtu anaweka hii kwenye gari, halafu anatuita waongo?"

Mimi hununua mafuta kituo kile kile inakonunua Tarlinga nzima. Nilichukua chupa, nikanusa. Harufu ya rangi ya mbao.

Nyuma yangu Shangazi Verna akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo ni harufu ya banda la Clem."

Clem alikuwa mumewe. Aliacha pipa la petroli bandani, na Clem amekufa siku nyingi; petroli nayo ikikaa miaka huoza.

"Shangazi?"

"Mtu harudishi gari la watu na mafuta pungufu, Taryn. Sijalelewa hivyo. Kila Jumapili nilikuwa naongeza kidogo. Nikaona si vibaya nizidishe, kwa sababu ya safari za Elva."

"Mbona hukuniambia? Mimi nimebadilishiwa kipimo!"

"Atasemaje mtu jambo kama hilo? Si ingekuwa kujisifu?"

Na alikuwa na haki. Kwetu aliyekujazia tangi hakuambii, na ukimgundua unajifanya hukugundua. Mimi mwenyewe nimewafanyia watu hivyo. Nilikuwa nimezunguka na siri ya kijiji kizima ndani ya tangi, na nisingeitambua hata kama ingenikoholea usoni. Kumbe ilinikoholea.

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Shangazi Verna alikuwa ameibana sahani yake ya keki kifuani, uso umekuwa mwekundu kama vumbi letu.

Rhett akalainika, maana ameshinda. "Sikiliza, dada. Mimi si mtu mbaya. Sema tu hapa mbele ya wateja wangu kwamba kosa lilikuwa mafuta yenu, utuombe radhi, na uazime lile gari la bluu sasa hivi, umuwahishe bibi. Hili nitalisafisha bure."

Nilitazama lile la bluu. Nilitazama saa. Nawaambia kweli, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ningesema chochote. Lakini Rhett hakuweza kuacha ushindi upoe.

"Na muone mlivyoiua pampu yetu mpya," akasema. "Mama, shuka kidogo, tafadhali. Pampu iko chini ya kiti chako."

Bibi akateremka taratibu, ameshika bega langu. Rhett akang'oa kiti cha nyuma. Chini yake kulikuwa na vumbi jekundu, limeshikana kama keki iliyoungua, limefunika kile kifuniko cha pampu na skrubu zake zote. Hakuna bisibisi iliyowahi kufika pale. Na juu ya lile vumbi, kimezama nusu, kulikuwa na kitana.

"Kitana changu!" Bibi akapiga kelele. "Taryn! Si nilikuambia uwaulize?"

Hata anayechoma soseji aliacha koleo lake.

"Bibi, kilipotea lini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Krismasi. Mchungaji mwenyewe alinisaidia kukitafuta."

"Na pampu ulibadilisha lini, Rhett? Februari? Uliibadilisha kupitia dirishani?"

Rhett aliinama akatazama, akatazama tena. Mshangao wake ulikuwa wa kweli, nadhani. "Kwenye kompyuta imeandikwa kazi imefanyika," akasema. "Mimi nimeona imefanyika."

"Kompyuta ndiyo ipande hili gari!" Bibi akamwambia.

Mngedhani hapo jambo limekwisha. Halikwisha. Rhett akasema hata pampu ingekuwa mpya, mafuta yale yangeiua. Nikasema hata mafuta yangekuwa safi, pampu yao ingekufa, kama ilivyokufa Desemba, Verna akiwa bado na gari lake. Kweli yake haikuifuta yangu, na yangu haikuifuta yake. Tulisimama mbele ya kile kiti kilichong'olewa kama watu wanaomuuliza maiti ni ugonjwa upi kati ya miwili uliomchukua. Dereva wa lori akapiga honi.

"Basi fundi wangu alikosea," Rhett akasema polepole, sasa kwa kunong'ona. "Lakini umenitukana mbele ya wateja, na mafuta ni machafu, wote wameona. Sema hilo moja tu. 'Mafuta yalikuwa yetu, samahani.' Gari la bluu lile pale."

"Sema, mwanangu," Shangazi Verna akasema. "Ni kweli. Ni mimi. Sema tumuwahishe Elva."

Ilikuwa kweli, ndiyo. Lakini ningesema, Jumapili kanisani ingekuwa Verna ndiye aliyeliua gari la Elva na nusura ampeleke Adelaide. Pampu isingetajwa. Kitana kisingetajwa. Nisiposema, Bibi anabaki barabarani. Nilijaribu kupima, nikashindwa hata kujua naweka nini kwenye mizani. Nilimtazama Bibi anisaidie. Alikuwa anakifuta kitana kwenye sketi yake.

"Usinitazame mimi," akasema. "Mimi sioni."

"Sisemi," nikamwambia Rhett.

Akainua mikono. Akageuka kwenda zake.

Ndipo kitu kikalia miguuni pangu. Ni funguo. Mzee mmoja wa foleni, kofia imefifia, mkate wa soseji mkononi, simjui hata leo, alikuwa amezitupa.

"Ile pikapu ya kijani," akasema. "Nitachukuliwa na mwanangu. Irudishe hapa leo, ukishindwa, kesho." Kisha akamgeukia Shangazi Verna, akavua kofia. "Ila wewe, mama, nakuomba kwa heshima zote. Usinijazie mafuta."

Watu wakacheka, na Shangazi Verna naye akacheka, kicheko chenye machozi ndani yake, akampa keki mbili.

Tulibanana watatu kiti cha mbele. Bibi akajichana nywele njia nzima. Tulifika saa sita imeshagonga, muuguzi akatazama saa ya ukutani, akamtazama Bibi alivyopendeza, akamuunganisha kwenye mashine bila kutaja Adelaide. Pikapu niliirudisha jioni. Niliijaza mafuta kwanza, pale Port Lowry, mafuta safi, tangi likafurika. Sikumwambia mwenyewe.

Wiki iliyofuata Rhett alipiga simu. Gari lipo tayari, tangi limesafishwa, pampu imebadilishwa, na safari hii amesimama hapo mwenyewe akiangalia. Alichoombwa na wakubwa wake aniambie ni kwamba wangeshukuru sana kama ningeomba radhi kwa lile neno, waongo, kwa sababu kwa kweli, hakuna aliyedanganya. Mtu alibonyeza mahali pasipo pake kwenye kompyuta.

Inawezekana. Mpaka leo sijui ni nani hasa aliyeliua lile gari, na nimeacha kuuliza. Lakini yeye aliniuliza kama nitaomba radhi.

"Siombi," nikamwambia. "Kesho asubuhi nakuja kuchukua gari."