Maoni ya Mzee Clementi

"Maoni ya wajumbe wa baraza yako ukurasa wa ngapi?" aliuliza jaji wa katikati.

Wakili wa Wegesa alifunua jalada, akarudi nyuma, akafunua tena. Kwenye benchi la mwisho, mzee Clementi, fundi baiskeli wa Butiama, aliinuka nusu. Maoni hayo yalikuwa yake. Miaka tisa iliyopita, akiwa mjumbe wa baraza la ardhi, alisimama akasema shamba ni la Wegesa, kwa kuwa yeye na marehemu mumewe ndio waliolifyeka. Mwenyekiti akakubali. Alfonsi, shemeji wa Wegesa, akakata rufaa, akashindwa. Akakata tena, hadi hapa Musoma, mbele ya majaji watatu ambao juu yao hakuna mwingine.

Watatu hao waliinamiana wakanong'ona.

"Maoni hayamo kwenye kumbukumbu," alisema wa katikati, kwa upole. "Sheria inataka yaandikwe. Mwenendo wote wa kesi tangu barazani ni batili. Shauri lianze upya."

"Nilisema!" Clementi alijisikia akipaza sauti. "Nilisema mbele ya watu!"

Askari akamshika kiwiko, akamtoa.

Wegesa alimkuta uani. "Mzee, si ulisemaga? Mimi nilikusikia."

"Nilisema, mama. Sikuuliza kama wanaandika."

Kibandani kwake hakuwa na daftari. Baiskeli ishirini, kila moja na ugonjwa wake, zote aliziweka kichwani, na hakuwahi kumpa mtu gurudumu la mwenzake. Ndiyo maana walimchagua mjumbe.

"Basi utaenda useme tena."

"Ujumbe wangu ulishaisha. Watakaa wengine. Na shahidi wako wa mpaka, Mwikwabe, tulishamzika."

Wegesa alicheka, kicheko kikavu kama kikohozi, akaondoka bila kumuaga.

Asubuhi yake Clementi hakufungua kibanda. Alikwenda shambani. Alfonsi alikuwa ameshafunga ng'ombe jembe, ardhi imechanwa mpaka karibu na kaburi la kaka yake, mume wa Wegesa. Hakuna amri aliyovunja. Amri zote zilikuwa zimefutwa. Upande wa pili Wegesa aliinama na jembe lake la mkono, akilima kuelekea kwao bila kuinua kichwa.

Ng'ombe walifika mwisho wa mstari, wakageuzwa, wakaanza kumwendea Wegesa.