Maneno Yaliyochelewa Ukutani

Watu wa kanisa letu hawasemi. Lielewe hilo kwanza, la sivyo utatuona wajinga. Mpe mtu wa huku kwetu Minnesota, Marekani, kahawa iliyopoa, atainywa, atakushukuru, ataomba na kikombe cha pili, halafu akifika nyumbani ndipo mkewe atakapoijua habari yote. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi Lavonne ni hivyo hivyo, ingawa ulimi wangu una makali kidogo.

Kazi yangu kanisani ni kukaa kule roshani, kando ya kinanda, na kompyuta, nikirusha maneno ya nyimbo ukutani. Jumapili ya kawaida haichoshi. Nyimbo nne, matangazo, nafunga programu, nashuka kula keki. Lakini Jumamosi moja kila Oktoba tunaimba kitabu kizima cha nyimbo, kuanzia wa kwanza, ubeti mmoja wa kila wimbo, bila kunyamaza. Wenye njaa wanateremka chini kula nyama na viazi, wenzao wanabaki wakiimba, kisha wanapokezana. Sauti ikikatika, basi, mwaka huo umeharibika.

Na hatujawahi kufika mwisho. Zamani watu walikimbilia ng'ombe wa kukamua, siku hizi wanakimbilia usingizi wa alasiri. Kurasa za mwisho za kile kitabu hakuna aliyewahi kuziimba.

Mwaka huu Bibi Arlys Tollefsrud alitaka kufika. Ameuongoza uimbaji huo tangu alipoolewa hapa, na kesho yake binti yake alikuwa anamchukua akaishi naye Arizona, moja kwa moja. Asubuhi alisimama mbele ameshika mkongojo, akasema kwamba leo angependa auone wimbo wa mwisho. Hakuna aliyemjibu. Kwetu huko ndiko kuapa. Tatizo ni kwamba saa kumi alasiri palikuwa na harusi, na harusi haimsubiri mtu.

Tulianza kwa mwendo mzuri. Nyuma ya kila ubeti nilikuwa nimeweka picha nilizopiga mwenyewe: ziwa, ngano, theluji, bata. Najivunia bata wangu. Nilibonyeza, maneno yakaja, watu wakaimba, Bibi Arlys akipunga mkono wake mwembamba.

Baada ya chakula cha mchana nikaona watu wamechoka. Walikuwa wanaburuta. Mstari uliopaswa kwisha kwa pumzi moja waliuvuta kwa mbili. Nikawahurumia, wazee wa watu, nikawa sibonyezi mpaka niwasikie wamemaliza kabisa. Wakazidi kuburuta. Nami nikazidi kuwasubiri. Wimbo wa mavuno, ambao watoto huuimba wakirukaruka, tuliuimba kama tumebeba jeneza. Bibi Arlys alikuwa anatazama saa ya ukutani, na mkono wake ulianza kushuka. Roho iliniuma. Nilikwishapiga hesabu ya kurasa zilizobaki, na kwa mwendo ule tusingefika.

Ndipo Delmar Quamme, mpiga kinanda, akaniinamia bila kuacha kupiga. Delmar nimesoma naye tangu darasa la kwanza, kwa hiyo yeye hunisema.

"Lavonne, mama, nani amekufa?"

"Waulize hao wanaoburuta," nikamwambia. "Mimi nawasubiri wao."

"Wanakusubiri wewe."

Nikamwona amechanganyikiwa. Nikabonyeza ili nimwonyeshe. Nikatazama ukutani. Hakuna kitu. Bata wangu ametulia pale pale na maneno ya zamani. Nikahesabu moja, mbili, tatu, ndipo maneno mapya yakajikokota yakaja. Kumbe! Tangu mchana nilikuwa natazama vichwa vya watu, ukuta siutazami. Programu ilikuwa imekaa wazi tangu asubuhi, na kila picha niliyoionyesha ilikuwa bado imeikumbatia haiachii, kama marehemu mama yangu na vikopo vitupu vya majarini asivyotupa hata kimoja, mpaka ikawa haina pa kugeukia. Jumapili siioni hali hiyo kwa sababu naifunga mapema.

"Mbona hamkusema?" nikamuuliza.

"Ungejisikia vibaya."

Jamani! Kanisa zima linakata pumzi, bibi wa watu anaikosa siku yake, kwa sababu eti Lavonne atajisikia vibaya. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini huku kwetu nadhani hawakupita. Nilitamani kumpiga Delmar na kitabu chake.

Dawa niliijua: kuifunga programu, kuondoa picha zote, kuifungua upya. Lakini kwa dakika kadhaa ukuta ungekuwa mtupu, na vitabu tulikwishayagawia makanisa mengine siku nyingi, kimebaki kile kimoja cha Delmar. Watu wangeimba nini? Sauti ingekatika, na aibu yote ingekuwa yangu.

"Zima," Delmar akasema.

"Wakinyamaza je?"

"Zima, mama. Muda unakwenda."

Nikazima katikati ya mstari. Ukuta ukawa mweusi.

Hawakunyamaza. Waliruka mbele kama ndama waliofunguliwa zizi. Kabla sijavuta pumzi walikuwa wamemaliza ubeti, Delmar akashika wimbo unaofuata, wakaudaka kwa sauti zote nne, kila neno mahali pake, na wengine wamefumba macho. Nyimbo hizo wamezinyonya na maziwa. Walikuwa wanazijua zote tangu asubuhi. Macho waliyatuliza ukutani kwa heshima yangu tu, maana kumtangulia mwenye maneno ni kama kumwambia kazi yake mbovu.

Nilikasirika, sifichi. Nilijiona nimekaa pale juu miaka yote nawasha taa mchana. Halafu nikamwona Bibi Arlys. Mkono wake ulikuwa umepanda tena, anapunga kwa nguvu, mkongojo ameuegemeza kwenye benchi ameusahau, uso unang'aa. Hasira ikaniisha. Nikaanza kufuta picha. Bata nao nikawafuta, ingawa hao niliwaaga kwanza.

Tuliikimbiza ile saa. Wageni wa harusi walipoanza kuingia nyuma na maua yao, nasi tukaingia zile kurasa ambazo hakuna anayezijua. Hapo sauti zikapungua, moja moja, na vichwa vyote vikainuka kutazama ukuta. Safari hii hawakuwa wananistahi, walikuwa na shida. Programu ilikuwa nyepesi, maneno meupe juu ya weusi, nikibonyeza yanafika. Nikawapa mstari baada ya mstari kabla hawajauhitaji, na Delmar akapiga huku ulimi umemtoka pembeni.

Wimbo wa mwisho tukauimba wote, beti zake zote. Nao, Mungu anisamehe, ulikuwa mbaya. Ulimhusu mtu mvivu anayelala wakati wa mavuno huku fuko akimlia magunia ya nafaka, na sauti yake ilipanda na kushuka bila sababu. Tukamaliza. Delmar akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Ni tofauti."

Kwetu hakuna tusi linalolizidi hilo. Watu wakaangua kicheko, na bibi harusi naye, aliyekwishafika mlangoni. Bibi Arlys alicheka mpaka akashika benchi, kisha kicheko kikageuka kilio na akafuta macho kwa kiganja, hajifichi. Akainua uso kuelekea roshani.

"Lavonne, mwanangu, tuna muda gani?"

Nikamwambia harusi inaanza baada ya dakika tano.

"Basi tuuimbe tena," akasema. "Ubeti wa mwisho tu."

Tukauimba tena, na wenye harusi nao. Ulibaki mstari mmoja, ule wa kumalizia kitabu chote. Delmar alikuwa tayari. Kompyuta ilikuwa tayari. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na kikakataa kushuka. Nilijua likishafika neno lile, Bibi Arlys atachukua koti lake aende zake.

Kanisa zima likaishikilia noti ile ile, wakinisubiri, hakuna aliyenitangulia. Bibi Arlys aliniangalia, mkono bado juu, akaniitikia kwa kichwa akitabasamu.

Nikabonyeza.