Mifano ya Neno la Kuudhi

Fundi cherehani alikuwa ameshachoka na mumewe mpaka basi. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja tangu mwezi uliopita, maji yakaingia hadi chumba cha kushonea, na asubuhi ile yalilowesha gauni la bibi harusi lililokuwa tayari kuchukuliwa. Naye bwana, ambaye majirani walimwita Profesa kwa kumtania, alikuwa mezani akitunga kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili. Alikwama kwenye neno moja, "annoy", ambalo mkewe angemweleza maana yake bila kufungua kitabu.

"Mume wangu, unaniudhi," alisema mkewe, gauni likichuruzika mkononi.

Profesa akaandika. "Unaniudhi. Vizuri. Unaweza pia kusema unanikera?"

"Unanikera, unanichosha, unanitia kichefuchefu! Chagua unalotaka, ila mwite fundi bomba."

Yote akayaandika. Ndivyo alivyozoea: mkewe akifoka, yeye anapata mifano. Kamusi ile ilijaa manung'uniko ya mwanamke huyu, yamepangwa kwa alfabeti, na hakuna hata moja lililopata jibu. Jamani, mtu akilalamika anataka kusikilizwa, hataki kunakiliwa.

"Unajua neno hili lilikotoka?" Profesa aliuliza, macho kwenye karatasi. "Kwenye Kilatini. Zamani lilikuwa zito, lilihusu kitu kuwa chukizo kwako, ukichukie kabisa. Miaka ilivyopita likapoa, sasa ni kero tu."

Mkewe alilitundika gauni kwenye kiti. Alimpenda mtu huyu, na hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa amejiapiza kwamba leo atasema kwa mara ya mwisho, na asiposikilizwa anahamia kwa dada yake, yeye na cherehani yake ya mkono.

"Kwangu mimi linarudi lilikotoka," alisema taratibu. "Lilianza kama kero. Sasa naanza kukuchukia."

Kalamu ikasita. Mkewe akangoja mumewe ainue macho.

"Loo, mfano mzuri huo!" alisema Profesa. "Hebu rudia hapo mwisho, mke wangu."

Mkewe akarudia, neno kwa neno, polepole, ili mumewe asije akakosea kuandika. Kisha akabeba cherehani. Profesa alipokuwa anaweka nukta, geti lilikuwa limeshafungwa.