Kiboko wa Vitshumbi na Menyu ya Rosine

Mimi ordinatere, yaani kompyuta, sikuisomea. Nilistaafu kazi ya kufunga kamba za meli bandarini, nikajifunza peke yangu, na baada ya wiki tatu ordinatere ilikuwa inaniomba ruhusa kabla ya kuzima. Anayebisha aje Keshero, aulize kwa Muzee Sikuli.

Asubuhi moja Rosine, mtoto wa dada yangu, aliingia kwangu macho yamevimba. Miezi nane alikuwa akitengeneza programu ya simu kwa akina mama wauza samaki wa Kituku: mteja wa mjini anatuma komande ya kuagiza, mama anabonyeza kujibu, samaki wanapanda pikipiki. Mama Dancille, rais wa chama chao, alikuwa ameijaribu siku tatu. Saa sita mchana angesema kama wanaichukua au wanaitupa.

"Amefuta komande tano, Mujomba! Tano! Anasema simu yangu iko na burozi, imerogwa."

"Leta nione."

Ukurasa wa kwanza, kitufe cha Tuma kiko chini kulia. Ukurasa wa pili, palepale pamekaa Futa. Tuma imehamia juu na inaitwa Peleka. Wa tatu inaitwa Envoyer, kwa Kifaransa, imejificha nyuma ya vimistari vitatu vya menyu.

"Juu ya nini inatembeatembea hivi?"

"Kila ukurasa niliupanga kufuatana na nafasi. Mutu si anasoma?"

"Kule Vitshumbi nilikokaa zamani," nikamwambia, "kiboko mmoja alikuwa anapita uani kwangu kila jioni, kwa adabu kabisa, kwenye mlango wa ua. Siku moja nikahamisha mlango hatua nne. Alipita palepale pa zamani! Ukuta akaondoka nao shingoni kama kola ya padri."

"Minalia, na weye unaniletea viboko!"

"Basi twende Kituku."

Mama Dancille alikuwa na mabeseni yake matatu: kushoto sambaza wabichi, wale dagaa wadogo wa ziwani, katikati wakavu, kulia tilapia. Hakuwa akiyaangalia hata kidogo. Macho yalikuwa kwenye mitumbwi, mdomo ukigombana na mvuvi mmoja, na kopo likichota lenyewe. Alipogeuka kumalizia tusi, nikabadilisha beseni la kushoto na la katikati.

Mteja akafungua sufuria yake. "Sambaza wabichi, mama." Kopo likaenda kushoto, wakavu wakamwagika kwa kishindo.

"Mama, miye nimelomba wabichi!"

"Nani amechezea mabeseni yangu?"

Rosine alikuwa ameduwaa, akitazama ule mkono. "Haangalii," alisema taratibu. Kisha akapiga kelele: "Mujomba, haangalii! Mukono ndio unajua!"

"Sikuli!" Dancille akaniona. "Muzee muzima na mvi zote hizo! Kuja hapa!"

Nilikuwa tayari nyuma ya sanduku la barafu.

Zilibaki saa mbili. Rosine alikaa juu ya kreti iliyopinduliwa, ordinatere magotini, vidole vinakimbia. "Tuma, chini kulia, kila ukurasa, jina moja tu! Futa, juu kushoto, na iulize kwanza!"

"Na vile vimistari?"

"Nimevitupa ziwani!"

Saa sita ikafika. Rosine alituma komande tatu kutoka simu yake, akamkabidhi Dancille simu ya majaribio. Mimi nikachungulia kutoka nyuma ya sanduku la barafu. Dancille aliishika kwa vidole vyenye magamba, lakini macho alinikazia mimi.

"Ukikuja tena kugusa vitu vyangu," dole gumba likabonyeza, "minakupaka chumvi," likabonyeza, "minakuanika na sambaza!" Likabonyeza.

Simu ya Rosine ikalia mara tatu.

"Zote zimefika! Mama, zote!"

Dancille akaangalia chini kwa mara ya kwanza. "Imeisha? Hivi tu?" Akacheka mpaka kopo likaanguka. "Jumatatu tunaanza, bamama bote!" Rosine akamrukia shingoni, magamba na yote. "Lakini huyu muzee asikaribie mabeseni yangu mita tatu."

Nikakubali. Mita tatu, kwa hatua zangu mimi.