Barua Aliyoiweka Mpambe

Mtu mmoja alifika mtaani kwetu Galbet kutoka Mandera akasema adeer yangu alimuua baba yake mwaka wa 1978. Alidai mag, yaani fidia ya damu: ngamia mia moja.

Adeer ni ndugu wa baba, na kwa heshima tunamwita hivyo mzee yeyote. Huyu wangu, Gelle, alikuwa mpambe wa jenerali huko Somalia, enzi za serikali ya mapinduzi. Alibeba mkoba wa mkubwa wake, alimfungulia mlango wa gari, alisimama nyuma yake na bastola. Serikali ilipoanguka akavuka mpaka na mkewe Hawo, akawa dalali wa mifugo hapa Garissa.

Mag halipi mtu mmoja. Hulipa wanaume wote wa ukoo, na ukame ulikuwa umeshatumaliza. Mimi nilibaki na ngamia kumi na wanne.

Lakini njia ilikuwepo. Mdai, Yahye, hakuwa na shahidi hata mmoja. Kwetu, bila shahidi, mshtakiwa anashika Msahafu, anaapa, na kesi inakufa.

Asubuhi ya kikao cha wazee nilimfuata Gelle nyumbani kwake.

"Adeer, utaapa?"

Akainama kutafuta kandambili zake.

"Wewe ni dalali. Leo ndiyo unaona haya kusema uongo?"

Hawo akaguna. "Huyu? Hata akiuza ngamia kilema anamwambia mnunuzi ni mguu gani. Ndiyo maana sisi ni maskini."

"Basi leo atatufanya maskini wote," nikasema. Sikuwa na adabu siku hiyo. Nilikuwa na hofu.

Kikaoni wazee walimsogezea Msahafu. Hakuugusa. Alitoa mfukoni mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba, akaufungua taratibu. Ndani mlikuwa na karatasi ya kahawia, doa jeusi pembeni.

"Baba wa huyu alikuja mbio kwenye gari la jenerali, mkono ndani ya shuka," akasema. "Nikadhani ana silaha. Nikampiga risasi. Alikuwa anatoa hii."

Yahye aliipokea akasoma kwa sauti. Baba yake alimwomba jenerali mwalimu wa watoto wa kisimani kwao. Chini aliorodhesha majina ya watoto. La kwanza: Yahye, miaka mitano. Hapo akaacha kusoma.

Mzee mmoja wa upande wetu akafoka, "War, wewe Gelle! Miaka yote hii, kwa nini hukuichoma?"

"Haikuwa yangu."

Niliwahi kukutana na simba Mto Tana, akinywa maji hatua ishirini kutoka niliposimama. Siku ile ya kikao nilitetemeka vilevile, na aliyekaa mbele yangu ni mzee mwenye kandambili. Alivuka mpaka kwa miguu, akaacha kila kitu, akabeba ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Yahye alikunja barua akaiweka mfukoni mwa shati. "Mag ni ya ndugu zangu pia," akasema. "Siwezi kusamehe peke yangu." Kisha akamgeukia Gelle. "Adeer, umekula tangu asubuhi?"

Wakala sinia moja.

Mimi ndiye niliyeswaga ngamia wa kwanza kutoka zizini, na hakuna aliyenilazimisha. Gelle alitoa tisa, hakubakiwa na hata mmoja. Mimi nilitoa kumi na mmoja. Wanaume wengine thelathini na wawili walitoa themanini. Kwangu wamebaki watatu, na mmoja ni dume.