Barua ya Tatu ya Shangazi

Fundi miwani hakuijua lugha ya upande wa baba yake. Mama alimlea kwa Kiswahili, na baba, mtu wa maneno machache hata kwa hicho Kiswahili, hakuona haja ya kumfundisha nyingine. Barua za shangazi zilipokuja, baba alizisoma kimya, akazikunja, akasema, "Shangazi yako anakusalimu." Ukurasa mzima, mbele na nyuma, ukawa salamu.

Baba alipofariki, barua zikaanza kuja kwa jina la binti. Shangazi masikio yalishakufa, simu haikumfaa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji.

Fundi aliiogopa ile ya kwanza. Yeye ndiye aliyemuuguza baba, na hakumwambia shangazi lolote mpaka siku tatu za mwisho, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe alikataa. Shangazi alisafiri, akafika, akakuta jeneza la ndugu yake wa pekee limekwisha fungwa. Hakumlaumu kwa mdomo. Alimwangalia tu, akapita.

Dukani walikuwa wawili: fundi chumba cha nyuma, akikata na kusugua vioo, na mpokezi wa mbele aliyeitwa Redio kwa sababu hazimwi.

"Si umuulize Msomi," Redio alimwambia. Msomi ndilo jina alilolipa lile roboti la kujibu maswali kwenye simu. "Mimi alinitafsiria maelezo ya mashine ya kufulia, ya Kichina. Huyo hajui kushindwa."

Nyumbani kwa fundi, ghorofa ya juu, aliishi mwalimu mstaafu wa kabila la baba yake. Fundi alimfikiria. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye hakutaka kata ya jirani izame mtungini mwake. Msomi hana jirani wa kumsimulia. Akaipiga picha barua.

Jibu lilikuja kabla hajaweka simu mezani. Paa linavuja, mguu unasumbua, ujumbe wa pole. Barua ya pili nayo vilevile, kwa Kiswahili kizuri, kila nukta mahali pake. Fundi akaanza kuzisubiri.

Ya tatu ilikuwa fupi, mwandiko umepinda, mistari imepandiana. Msomi akatafsiri: "Mwanangu, nimechoka kuandika. Mlango wangu umefungwa. Usihangaike kuja. Macho yangu yamekwisha kukuona."

Fundi aliisoma mara tatu. Hakushangaa. Ukitarajia kofi, hata mkono unaokuja kukupangusa uso utauona kofi.

"Hebu muulize kama ana uhakika," Redio alisema.

Akamuuliza. Msomi akajibu kwamba ameitazama upya na maana ndiyo hiyo. Akaongeza pole, na ushauri wa namna ya kuishi na ndugu walioumizana. Miwani yoyote, kabla haijatoka chumbani mwake, fundi aliipima mara mbili, kwa mashine kisha kwa jicho lake. Barua ile hakuipima tena. Siku hiyohiyo aliandika jibu la mstari mmoja, kwa Kiswahili: "Shangazi, nimeelewa. Sitakusumbua."

Miezi minne ikapita kimya. Asubuhi moja, akikaza skrubu ya fremu, simu ikaita. Alikuwa binti wa shangazi.

"Mama ametutoka jana. Tunazika kesho. Nakuambia ili usije ukasema hukuambiwa."

Alisafiri kutwa. Mazishini alisimama nyuma ya watu. Walipotawanyika, alimkuta binamu yake chumbani kwa marehemu, akikunja mashuka.

"Pole, dada," fundi alisema.

"Nimeshapoa. Alipokuwa hai ndipo alipokutaka."

"Dada, alinikataza kuja."

"Nani alikukataza?"

Fundi akatoa barua mkobani. Binamu aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda kilichovuliwa mashuka. Akaisoma tena, safari hii kwa sauti, akiigeuza taratibu kwa Kiswahili:

"'Mwanangu, nimechoka kuandika. Mlango wangu haujafungwa. Usihangaike na barua, njoo. Macho yangu yanakwisha, na sitaki yaishe kabla sijakuona.'"

Binamu akainua macho.

"Nani alikusomea hii?"

"Simu."

"Nani kwenye simu?"

"Simu yenyewe, dada."

Binamu aliirudisha barua kwenye mikunjo yake, polepole. "Jibu lako nilimsomea mimi, nikipiga kelele sikioni. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kama kuna barua."

Fundi alitaka kupiga magoti, akaona hata hilo ni kujitafutia nafuu yeye. Akashika ncha mbili za shuka, wakalikunja pamoja.

Aliporudi kazini alimpa Msomi picha ileile, akamwambia umekosea. Msomi akaomba radhi upesi, akaleta tafsiri nyingine, safi kama ya kwanza, ambayo ndani yake shangazi anauza mbuzi. Akamwambia umekosea tena. Akaomba radhi tena, akaleta ya tatu. Hata mara moja hakusema: lugha hii siijui vizuri.

Redio alisimama mlangoni. "Mimi ndiye niliyekuambia," alisema kwa sauti ndogo.

"Wewe uliniambia niulize. Kuamini niliamini mwenyewe."

Jioni alipanda ngazi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Mwalimu alivaa miwani ambayo fundi mwenyewe ndiye aliyemtengenezea, akazisoma barua zote tatu na tafsiri za Msomi, bila haraka. Zile mbili za mwanzo, alisema, zilitafsiriwa karibu sawa. Ila mguu ulikuwa wa jirani, si wa shangazi. Huko kuwa karibu sawa ndiko kulikomuuma fundi kuliko yote. Zingekuwa upuuzi tangu mwanzo, asingeiamini ya tatu.

"Kwetu kukanusha ni herufi moja tu katikati ya neno," mwalimu alisema. "Ikikosekana, maneno mengine yote hupindishwa kuifuata. Hapa mkono wake umetetemeka. Hata mimi nimeitafuta."

"Kwa hiyo nawe ungeweza kukosea?"

"Ningeweza. Ila ningekuambia, mwanangu, hapa sioni vizuri, twende tukamuulize mwenyewe." Akavua miwani. "Nilikuwa hapa hapa tu."

Fundi alilia pale, mbele ya jirani aliyemwonea haya, na mwalimu akamwacha alie.

Kisha alimwandikia binamu yake barua ndefu, akaeleza yote, hata lile la kumwonea jirani haya. Baada ya wiki tatu binamu alipiga.

"Nimeisoma. Sikuwekei kinyongo kama cha mwanzo. Ila kwa sasa usinipigie. Nitapiga mimi."

"Sawa, dada."

Mwaka wa kwanza ulipita bila simu. Wa pili ilikuja moja, ya dakika tatu. Waliongea habari za mvua, na za paa ambalo hatimaye lilikuwa limezibwa.